Nakivale: Historia ya Ardhi ya Kuazima

Ukitoka Mbarara kuelekea kusini-mashariki, kwa mwendo wa kilomita 60 hivi, unapita kwanza katika migomba ya Isingiro, ambayo mikungu yake hupakiwa kwenye malori usiku ili ifike Kampala alfajiri. Kisha migomba inapungua, lami inakwisha, vilima vinakuwa vikavu na vichaka vya miba vinasogea hadi ukingoni mwa barabara ya vumbi. Mwishowe unaliona ziwa, tulivu na lenye mafunjo kandokando. Hapo ndipo Nakivale.

Mgeni ambaye amesikia tu neno "kambi" hutarajia safu za mahema na watu waliokaa wakingoja. Anachokikuta ni mitaa yenye maduka, mashine za kusaga, vinyozi, misikiti na makanisa, na nyumba za matofali ya udongo zilizoezekwa mabati au turubai. Makazi haya yana ukubwa wa kilomita za mraba 185 hivi, yamegawanywa katika kanda tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo, na ndani ya kanda hizo mna vijiji zaidi ya 70. Kufikia mwaka 2022 wakazi wake walikuwa wamezidi 150,000, wengi wao Wakongo, wakifuatiwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Kwa idadi hiyo ni mji, ingawa kwa kilimo chake, kuni zake na vumbi lake ni mkusanyiko wa vijiji.

Wanaokuja hapa kutembea au kutafuta biashara huuliza kwanza kinachonunuliwa na kinachouzwa. Mimi ningewaomba waanze na swali jingine: ardhi hii ilipatikanaje, na ni ya nani? Karibu kila jambo lililotokea Nakivale, la heri na la shari, limetokana na swali hilo.

Kabla ya mipaka ya kikoloni, Isingiro ilikuwa sehemu ya ufalme wa Nkore, ambao Waingereza baadaye waliupanua na kuuita Ankole. Bweyorere, mojawapo ya miji mikuu ya kale ya wafalme wa Nkore, ulikuwa huku Isingiro. Utajiri wa nchi ulikuwa ng'ombe wenye pembe ndefu, na ng'ombe hao walihitaji vitu viwili, nyasi na maji. Bonde la maziwa, yaani Nakivale, Mburo, Kachera na mengine yanayolishwa na mto Rwizi, liliwapa vyote viwili wakati wa kiangazi. Wafugaji walishuka na mifugo maji yalipokauka juu, kisha wakapanda tena mvua iliporudi.

Katika miaka ya 1890 maafa yaliandamana. Sotoka iliangamiza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na ndui ikawafuata watu. Matokeo yake hayakuishia kwenye njaa. Ng'ombe wakipungua, nyasi haziliwi; nyasi zisipoliwa na moto usipowashwa kwa wakati wake, vichaka huota; na vichaka vikiota, mbung'o hupata kivuli cha kukaa. Katika miongo iliyofuata mbung'o walienea katika mashariki ya Ankole wakileta nagana, ugonjwa unaoua mifugo, na wafugaji wakazidi kuyaacha malisho ya baba zao. Nchi iliyokuwa na njia za ng'ombe ikageuka pori la pundamilia na swala, na serikali ya kikoloni ikalitenga eneo jirani la Mburo kuwa la uwindaji.

Hapa msomaji awe mwangalifu, kwa sababu maelezo mawili yanashindana. La kwanza, ambalo lilipendwa na maofisa, ni kwamba ardhi ya Nakivale ilikuwa tupu. La pili, linalosimuliwa na wenyeji wa Isingiro, ni kwamba ilikuwa na wenyewe, ila ugonjwa uliwafukuza. Nionavyo, la pili lina nguvu zaidi. Ardhi ya mfugaji haina uzio wala nyumba ya kudumu, kwa hiyo jicho la karani huiona tupu hata kama jina la kila kisima linajulikana. Lakini ni kweli pia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 watu waliokuwa wakilitumia bonde hilo walikuwa wachache, na kwamba wakati huohuo serikali ilikuwa ikifyeka vichaka na kuwapiga risasi wanyamapori ili kuwamaliza mbung'o. Kumweka mkulima mahali pale kulikuwa pia njia ya kuzuia kichaka kisirudi.

Wakulima hao walitoka Rwanda. Julai 1959 mfalme Mutara III Rudahigwa alifariki ghafla mjini Bujumbura, na Novemba mwaka huohuo machafuko yakalipuka kati ya Watutsi na Wahutu. Nyumba zilichomwa, machifu wa Kitutsi waliondolewa, na maelfu ya watu wakavuka mipaka kwenda Kongo, Burundi, Tanganyika na Uganda. Kumbukumbu nyingi husema Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Tarehe ya kwanza inatangulia machafuko yenyewe, na jambo hilo limewatatiza wengi. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba Wanyarwanda walikuwa wakiingia Uganda tangu zamani kutafuta vibarua katika mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda, na kwamba makazi ya awali yalikuwapo kabla ya wimbi kubwa. Wimbi lenyewe lilifika kuanzia mwishoni mwa 1959, na liliongezeka tena baada ya mauaji ya Desemba 1963 na Januari 1964.

Uganda haikuwa ngeni katika kazi ya kupokea wageni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa wamewaweka Wapolandi wapatao 7,000 huko Nyabyeya, karibu na Masindi, na huko Koja, kando ya Ziwa Victoria. Lakini Wapolandi walitunzwa wakisubiri meli ya kuwachukua. Wanyarwanda walipewa jembe, mbegu na kipande cha ardhi, wakaambiwa wajilishe. Mpango huo ulidhaniwa kuwa wa muda, na wakimbizi wenyewe waliuamini hivyo, kwa maana wazee wengi walikuwa na hakika ya kurudi kabla watoto hawajamaliza shule. Walikaa zaidi ya miaka 30.

Katika miaka hiyo mambo ya Uganda yenyewe yalipinduka. Ufalme wa Ankole ulifutwa mwaka 1967 pamoja na falme nyingine. Idi Amin akatwaa madaraka mwaka 1971, na Februari 1979 majeshi ya Tanzania, katika vita vya kumng'oa, yakauteka mji wa Mbarara, ambao ulibomolewa vibaya. Wakimbizi waliyatazama hayo wakiwa pembeni. Wengi walikuwa wametoka makazini na kwenda kuchunga, kusoma au kufanya biashara katika wilaya za jirani, na baadhi waliishi Ankole kama majirani wa kawaida.

Ujirani huo ulivunjika Oktoba 1982. Milton Obote, aliyepinduliwa na Amin, alikuwa amerudi madarakani baada ya uchaguzi wa 1980, na Yoweri Museveni alikuwa ameingia msituni kupigana naye tangu 1981. Kwa kuwa Museveni alitoka Ankole, na kwa kuwa baadhi ya vijana wa Kinyarwanda walikuwa katika jeshi lake, Wanyarwanda wote wakahesabiwa kuwa maadui wa serikali. Viongozi wa wilaya na vijana wa chama tawala cha UPC waliwafukuza watu majumbani, wakachukua ng'ombe na kuezua mapaa. Makumi ya maelfu walikimbia. Wengine walivuka kuingia Rwanda, wengine wakakwama mpakani, na wengine wakasukumwa kurudi Nakivale na makazi mengine ya zamani. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo raia halali wa Uganda wanaosema Kinyarwanda.

Wanahistoria hutofautiana juu ya chanzo. Wapo wanaosema ilikuwa siasa tupu: serikali iliyoogopa waasi ilitafuta wa kuwaadhibu. Wapo wanaosema ilikuwa tamaa ya ardhi na mifugo, na kwamba siasa ilitoa kisingizio tu. Ushahidi wa nyumba zilizokaliwa na majirani siku chache baada ya wenyewe kukimbia unanifanya niamini kwamba sababu hizo zilisaidiana: amri ilitoka juu, na waliopora walijua tayari shamba gani wanalitaka. Kitu kimoja hakibishaniwi. Baada ya 1982 vijana wengi zaidi wa Kinyarwanda waliingia msituni kwa Museveni, kwa kuwa nyumbani hapakuwa tena mahali pa usalama.

Museveni alishinda Januari 1986. Desemba 1987 wakimbizi wa Kinyarwanda wakaunda chama cha RPF mjini Kampala, na tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wao wakavuka mpaka wa Kagitumba kuingia Rwanda. Vita hivyo vilimalizika Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari yaliyowateketeza Watutsi. Wakimbizi wa 1959, pamoja na watoto na wajukuu waliozaliwa Uganda, walirudi kwa wingi, na Nakivale ikabaki na mashamba yasiyo na wenyewe.

Ombwe hilo lilijazwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mgogoro wa leo ulipozaliwa. Kutoka upande wa Uganda, wafugaji na wakulima waliingia wakisema wanarejea kwenye ardhi ya mababu. Kutoka upande wa Rwanda walikuja wakimbizi wapya, safari hii wengi wao Wahutu, na baadhi yao waliingia baada ya Tanzania kuamuru wakimbizi wa Rwanda waondoke nchini humo Desemba 1996. Mpaka wa makazi haukuwa na uzio. Jiwe la mpaka likigombaniwa, kila upande ulikuwa na ukweli wake: mmoja ulikuwa na kumbukumbu ya malisho, mwingine ulikuwa na karatasi ya kamanda wa makazi.

Halafu Kongo ikawaka. Vita vya 1996 na vile vya 1998 viliwatoa watu Kivu kwa maelfu. Uasi wa kundi la M23 mwaka 2012 ukaleta wengine. Na M23 ilipoinuka tena na kuuteka mji wa mpakani wa Bunagana Juni 2022, familia zilizolala kwenye kituo cha Nyakabande, huko Kisoro, zilipakiwa mabasi na kuletwa Nakivale. Warundi waliongezeka kuanzia 2015, baada ya Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Wasomali waliokimbia vita vya kwao walikwisha kujijengea mtaa wao Base Camp. Majina kama New Congo na Little Kigali yanaonyesha jinsi kila kundi lilivyoibeba nchi yake hadi huku.

Lugha iliyounganisha makundi haya ni Kiswahili, na jambo hilo lina ajabu yake. Kwa Waganda wengi, hasa wa kusini, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, kwa sababu ndicho walichokisikia kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa Amin. Kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini kasi imekuwa ndogo. Nakivale haikusubiri. Mkongo alikuja nacho kutoka Kivu, Mrundi alikuwa nacho kutoka Bujumbura au kutoka kambi za Kigoma, Msomali alikijua akiwa Nairobi, na Mnyankole mwenye mahindi ya kuuza akalazimika kujifunza bei. Ni Kiswahili cha "sombe" (kisamvu) na "ndakala" (dagaa), kilichochanganyika na Kinyarwanda na Runyankole, na mtu wa Unguja angekunja uso akikisikia. Mimi nakiheshimu, maana kinapatanisha watu waliokimbizana.

Sheria nayo ilikuwa ikibadilika. Chini ya sheria ya mwaka 1960 mkimbizi alisimamiwa kama mtu wa kuchungwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2006, pamoja na kanuni zake za 2010, ilimpa haki ya kufanya kazi, kutembea na kufungua biashara. Kwa nini Uganda ilifungua mlango ambao majirani wameubana? Jibu la kwanza ni kumbukumbu: watawala wa baada ya 1986 walikuwa wamekula mkate wa uhamishoni wao wenyewe, na Museveni aliishi Tanzania katika miaka ya 1970. Jibu la pili ni hesabu: mkimbizi anayelima hupunguza gharama ya chakula cha msaada, na fedha za wahisani hujenga shule na zahanati ambazo wenyeji pia huzitumia. Sioni sababu ya kuchagua moja. Ukarimu wa Uganda ni wa kweli, na kwa kuwa una faida kwa anayeutoa, umedumu.

Lakini ukarimu huo haukugusa umiliki. Katiba ya 1995 inasema ardhi ya Uganda ni ya raia wa Uganda, na kanuni za wakimbizi zinamruhusu mkimbizi kulima na kulisha mifugo bila kuuza wala kukodisha alichopewa. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mkimbizi wa Nakivale anaujua ukweli huo kila msimu wa kupanda, anapojiuliza kama apande maharage yatakayokomaa baada ya miezi mitatu, au mgomba utakaozaa kwa miaka 20.

Na Julai 2010 wengine walipata jibu la ghafla. Askari walizingira watu waliokuwa wamekusanyika Nakivale na katika makazi mengine ya wakimbizi ya Kyaka, wakawapakia kwenye malori na kuwapeleka Rwanda. Wanyarwanda wapatao 1,700 walirudishwa kwa nguvu siku hizo, wengi wao wakiwa ni wale waliokataliwa hifadhi, na wapo waliokufa kwa kuruka kutoka kwenye malori. Serikali ilieleza kwamba hawakuwa na haki ya kubaki. Hata hivyo watu hawapakiwi kama mizigo, na tukio hilo limeacha hofu ambayo bado unaisikia mazungumzo yanapogusa habari za usajili.

Sasa tuitazame biashara, kwa kumfuata mwanamke mmoja wa Kikongo siku ya soko. Ameamka gizani, amejitwika mahindi aliyoyapukuchua usiku, na mtoto yuko mgongoni kwenye kitenge. Sokoni mchuuzi anayapima kwa debe, analitikisa ili yashuke, kisha anaongeza kilima juu yake, na kilima hicho hakilipiwi. Mahindi yanamiminwa kwenye gunia, gunia linashonwa kwa sindano ndefu, na mchana lori la kutoka Mbarara linayachukua. Mengine huishia Kampala, na mengine huvuka mipaka. Kwa fedha aliyopata mama huyu ananunua sabuni, ndakala na chumvi katika duka la Msomali, ambaye kwenye rafu yake kuna sukari na makopo ya jodari yaliyosafirishwa kupitia wenzake wa Kampala. Duka hilo limeunganishwa na mji mkuu zaidi kwa undugu na kuaminiana kuliko kwa mikataba.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walizichunguza biashara za namna hii katika makazi ya Nakivale na Kyangwali na mjini Kampala, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: karibu kila mkimbizi alikuwa na shughuli fulani ya kumwingizia kipato, na mjini Kampala, miongoni mwa watu walioajiriwa na wakimbizi, asilimia 40 walikuwa Waganda. Matokeo hayo yalisaidia kuubomoa uvumi kwamba mkimbizi ni mdomo tu wa kulisha. Hata hivyo yamesomwa kwa pupa na wale wanaotaka kupunguza msaada. Mtu kuwa na shughuli si sawa na mtu kushiba. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, lilipunguza mgao kwa asilimia 30, na mapema 2021 likaupunguza tena hadi asilimia 60 ya kipimo kamili, na majira hayo ndiyo ambayo corona ilikuwa imefunga masoko na mpaka.

Ardhi nayo imebana. Kwa miaka mingi kipimo kilichotajwa kwa familia moja kilikuwa mita 50 kwa 100. Wanaofika sasa hupata pungufu ya hapo, na mara nyingi ni mahali pa kujenga tu. Kuni zimemaliza miti ya vilima, na mvua ikinyesha udongo huteremka hadi ziwani. Ziwa hilo ni sehemu ya ardhioevu ya Mburo na Nakivale iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, nalo ndilo linalowapa maji wakimbizi na wenyeji kwa pamoja.

Basi kwa anayetaka kwenda: anza na Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia makazi na kutoa ruhusa ya kuingia. Lala Mbarara, panda gari asubuhi, na usipige picha za watu kabla ya kuwaamkia. Kwa anayetaka kuweka mtaji, mahitaji yanaonekana kwa macho: ghala la nafaka, mashine ya kusaga isiyotegemea dizeli, nishati ya kupikia badala ya kuni, maji ya umwagiliaji. Kwa kuwa ardhi haiuzwi, asiyekuwa raia wa Uganda hapati zaidi ya ukodishaji, na ndani ya makazi hata huo haumo mikononi mwa mkimbizi. Atakayekuuzia kiwanja kwa bei nzuri Base Camp anakuuzia kitu asichokuwa nacho. Ghala likitakiwa, liwekwe kwa makubaliano yaliyo wazi, mbele ya kamanda wa makazi, mwenyekiti wa kijiji cha wenyeji na mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi, wote watatu wakiwa wamekaa chini ya mti mmoja. Kabla ya kupima msingi, waulize hao watatu nani alilima pale kabla ya 1994, na nani alichunga pale kabla ya 1960. Watachukua asubuhi nzima kukubaliana, kwa hiyo nenda na maji ya kunywa na usiwe na haraka.